SAMAKI WANAKUFA SEBULENI? KABLA YA KUKIMBILIA ‘RANGI MBILI’, WAHESABU KWANZA!

Hapa Dodoma mji umechangamka, si siri tena. Zamani mtu akitaka kukutambia nyumbani kwake alifungua friji makusudi uone soda zilivyopangwa. Baadaye ikaja flati skrini, imebandikwa ukutani kama dirisha la jirani. Sasa kuna fasheni nyingine: tanki la kioo lenye maji, taa ya buluu, vijiwe vya rangi na samaki wekundu wanaozunguka humo mchana kutwa kama walioajiriwa. Wenyewe wanaita akwariamu. Saluni ipo, kwa fundi simu ipo, kwa mganga wa meno kwenye benchi la kusubiria ipo, na kuna bwana mmoja namjua ameiweka chumbani, eti sauti ya mapovu inamletea usingizi.

Sina ugomvi na fasheni hiyo. Samaki hawapigi kelele, hawaombi vocha, na mgeni akikosa la kuongea anawatazama wao. Ugomvi wangu ni kwamba kila mwaka ikifika Juni na Julai, baridi ikianza kung'ata, simu yangu haipumziki. Swali ni lilelile: “Kaka, samaki wangu wanakufa, dawa gani?” Na mimi nauliza lilelile: “Wako wangapi, na tanki lako la lita ngapi?” Hapo simu inanyamaza. Jina la dawa mtu analitaka, hesabu haitaki.

MJOMBA MZAMIAJI

Mtauliza, huyu mwandishi wa mambo ya mjini samaki kajulia wapi. Ni kwa mjomba wangu wa Kigoma. Enzi za ujana wake mjomba alikuwa mzamiaji, na msifikirie wale wa kujificha kwenye meli waamkie Ugiriki. Yeye alizama Ziwa Tanganyika kukamata samaki wadogo wa miambani, na waliokwenda Ulaya walikuwa samaki.

Biashara hiyo ni ya kweli na ina miaka. Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alikuwa akisafirisha samaki hao kutokea Bujumbura miaka ya 1970, na yupo samaki mdogo wa Tanganyika ambaye wanasayansi walimpa jina la bwana huyo mwaka 1974. Ziwa lile lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo mmoja na perege, na karibu wote huwapati kwingine duniani. Ukienda Ujerumani leo unaweza kumkuta mzee ana tanki la lita 500 sebuleni, ndani wamo samaki wa kwetu, naye anakutajia Ikola na Kipili kama vile amezaliwa huko, wakati mimi na wewe tukiulizwa Kipili ni wapi tunaanza kukohoa.

Mjomba alinifundisha mambo mengi lakini moja ndilo limenikaa. Samaki wakishakamatwa walipandishwa juu polepole, maana ukimpandisha haraka kile kibofu cha hewa tumboni kinavimba na kumuua. Kisha waliwekwa kwenye mabwawa ya saruji, wachache wachache, wakanyimwa chakula siku mbili tatu kabla ya safari. Mimi mtoto nikaona huo ni ukatili. Mjomba akacheka: “Mpwa wangu, samaki akila ananya. Akinya ndani ya mfuko, anakunywa kinyesi chake mpaka Frankfurt.” Neno si la kistaarabu, nisameheni, lakini shule nzima ya akwariamu imo humo.

‘MHESHIMIWA YUKO HOI’

Sasa twende Kizota. Kwa msiopajua, ni upande wa magharibi wa mji, njia ya kuelekea Singida, kwenye yale maghala makubwa ya nafaka. Huko ndiko aliko kinyozi wangu, kijana mchapakazi, mashine mbili, kioo kirefu, muziki wa wastani. Alhamisi moja ya Julai akanipigia saa kumi na mbili jioni: “Kaka njoo haraka, Mheshimiwa yuko hoi!”

Kwa mji huu ukisikia Mheshimiwa akili inakimbilia Bungeni. Nikadhani kuna mbunge kazimia kwenye kiti akinyolewa. Kumbe Mheshimiwa ni jina ambalo wateja walimpa samaki wake mkubwa wa dhahabu, sentimita 18 kwa futi kamba, tumbo mbele, mwendo wa taratibu, anapita katikati ya wenzake nao wanampisha. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wanaomba kunyolewa pale, na si kwa uhodari wa mashine. Akina mama wawaletao watoto walisema waziwazi kwamba mtoto akimtazama Mheshimiwa hatikisiki kichwa. Yaani yule samaki alikuwa sehemu ya mtaji.

Nilipofika nikakuta baraza limekaa. Samaki 11 walikuwa wamekufa tangu Jumatatu, wamefungwa kwenye mfuko wa nailoni karibu na mlango. Walio hai walikuwa wamepanda juu, midomo imetoka kwenye maji, wanapiga mafunda ya hewa. Miili imetapakaa vidoa vyeupe kama mtu aliyewanyunyizia chumvi ya mezani. Wengine walikuwa wanajikuna kwenye vijiwe. Na maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyopoa.

“Mmeweka nini humu?” nikauliza.

Dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri zamu akajibu kwa kujiamini: “Rangi mbili, bro. Tumefungua vidonge viwili tukamwaga unga. Mimi rangi mbili ilinitoa kikohozi mwaka juzi.” Mama lishe wa jirani alikuwa anapendekeza ndimu. Mzee mmoja mstaafu, yeye alikuwa na wazo fupi zaidi, kwamba wakaangwe kabla hawajapoteza ladha.

Niseme wazi hapa kwa sababu jambo hili nalikuta kila mahali. Vile vidoa vyeupe si ugonjwa wa bakteria. Ni kimelea, kijidudu kinachojichimbia chini ya ngozi ya samaki na kwenye matamvua, yale mashavu mekundu anayovutia pumzi. ‘Rangi mbili’ ni antibayotiki, inapigana na bakteria. Kimelea hata hakijui kama umeweka kitu. Lakini wanaojua ni bakteria wazuri wanaoishi kwenye sponji ya chujio, wanaosafisha maji usiku na mchana bila mshahara. Hao dawa inaweza kuwaua. Kwa hiyo umemwacha mwizi, umempiga mlinzi. Sijagusa bado suala la usugu wa dawa, ambalo madaktari wanatulilia kila siku.

FUTI KAMBA IKATOKA

Nikaomba futi kamba. Tanki: urefu sentimita 80, upana 35, kimo 40. Zidisha, gawa kwa 1,000, unapata lita 112. Toa vijiwe na ile nafasi ya juu isiyojaa, zimebaki kama lita 100. Nikamwambia kinyozi sasa tuhesabu watu. Kabla ya msiba walikuwa 46: wa dhahabu 10, perege wadogo wawili aliopewa na rafiki anayefuga, na wale samaki wadogo wenye mikia ya maua wanaoitwa gapi, 34.

“Thelathini na nne?” nikashangaa. “Ulinunua wote?”

“Nilinunua sita tu kaka. Wamezaana.”

Ndivyo walivyo gapi. Hawatagi mayai, wanazaa watoto walio hai, na jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi. Mbaya zaidi, jike akishapandwa mara moja anaweza kuhifadhi mbegu na kuendelea kuzaa miezi kadhaa bila dume kuonekana. Huyo si mpangaji, huyo ni ukoo unahamia.

Na wa dhahabu je? Dukani unauziwa akiwa kama kidole gumba, muuzaji hakwambii kwamba anaweza kupita sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka 10. Wafugaji makini wanamtengea lita 40 hivi kila mmoja, na wa kwanza zaidi ya hapo. Kumi hao walihitaji lita 400, wamepewa 100, na humo humo wamo perege na ukoo wa gapi. Kinyozi wangu kila alipokwenda Dar kuchukua vifaa alirudi na mfuko wa samaki wapya mapajani, akawamimina moja kwa moja kwa wenyeji. Nadhani hata vimelea walipanda basi hilo.

Kwa wakazi wa Dodoma mfano hauhitaji kutafutwa mbali. Sensa ya 2012 ilikuta jiji hili lina watu zaidi ya 410,000, ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Tunajua chumba cha watu wawili wakilala sita kinavyonuka asubuhi. Tofauti ni kwamba sisi tunaweza kufungua dirisha.

MAJI YETU MAGUMU

Samaki anatoa uchafu kwa njia ya haja na pia kupitia matamvua, na uchafu huo ni amonia, sumu inayounguza matamvua yenyewe. Kwenye tanki lililokomaa bakteria wale wa kwenye sponji wanaigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti, ambayo ni afadhali na unaipunguza kwa kubadili maji. Wakizidi samaki, wafanyakazi hawatoshi. Ukiosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini umewafukuza kazi wote siku moja.

Na hapa Dodoma kuna kitu ambacho vitabu vya Ulaya havikwambii. Maji yetu mengi yanatoka visimani, bonde la Makutupora kule Mzakwe, na ni maji magumu. Tazama birika lako la chai, ule ukoko mweupe ndani. Maji ya namna hiyo huwa upande wa alkali, na amonia kwenye alkali inakuwa kali zaidi. Kwa joto la nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7 sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1. Yakiwa pH 8 inafika kama 5. Yakiwa 8.5 inakaribia 15. Yaani uchafu uleule, samaki walewale, lakini kwa yule wa Dodoma sumu ni mara kadhaa.

Ongeza na mwinuko. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, na maji yanashika oksijeni pungufu kidogo. Samaki kumi wanaopumua vizuri Magomeni wanaweza kuhema Kizota. Msidhani hilo ni la matanki ya vinyozi tu. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa samaki wa vizimba kule Kisumu, Ziwa Victoria, waliamka wakakuta samaki wao wanaelea kwa wingi, na wataalamu wakataja upungufu wa oksijeni. Ziwa zima lile. Samaki wa porini aliweza kuhama, wa kizimbani akabaki na wenzake.

Basi ndugu msomaji, kinyozi wangu alikuwa na matatizo mawili, na lile lililoonekana kwa macho, vidoa, ndilo lilikuwa la pili. Kimelea cha vidoa vyeupe kinawashinda samaki waliochoka. Baridi ya Julai, ambapo usiku wa Dodoma unashuka mpaka nyuzi 14 hivi, ilimalizia tu. Kipimajoto ndani ya tanki asubuhi kilisoma 18. Gapi ni wa nchi za joto, nyuzi hizo kwao ni jokofu.

USIKU WA JAGI

Jioni ileile tuliwanyima chakula. Kinyozi alinitazama kama nilivyomtazama mjomba. Tukavuta theluthi ya maji kwa mpira kutoka chini kabisa, kwenye vijiwe, na kilichotoka huko sitakisimulia kwa sababu gazeti hili husomwa na watu wakiwa wanakula. Tukarudisha maji yaliyokuwa yamelala kwenye ndoo wazi tangu jana yake, klorini imeshatoka, tukayapasha kidogo yalingane na ya tanki. Ukibadili maji yote kwa mpigo unawapa mshtuko, na mgonjwa hahitaji mshtuko. Sponji ya chujio tukaikamua ndani ya ndoo ya maji yaleyale ya zamani, bomba haikuisogelea. Perege wawili wakahamia kwenye beseni, na wa dhahabu wanne wadogo kwenye beseni jingine lenye pampu ya hewa ya kuazima.

Halafu chumvi. Shemeji, mke wa kinyozi, aliletwa habari akiwa jikoni, akaja na pakiti mkononi na uso wa mashaka. “Shem, hii ya ugali na mboga?” Hiyohiyo. Gramu 2 kwa kila lita, yaani gramu 200 kwa lita 100, kama vijiko 11 vya mezani vilivyosawazishwa. Usimwage mara moja. Tuliikoroga kwenye jagi tukagawa mara tatu, usiku, asubuhi na jioni yake. Chumvi kwa kiasi hicho inakisumbua kimelea kuliko inavyomsumbua samaki, na ina faida ya pili: inazuia ile naitraiti isiingie kwenye damu, ambako huigeuza kahawia na kumfanya samaki akose pumzi hata kama oksijeni ipo. Mabeseni tuliyafanyia hivyohivyo. Kambale na wenzake wasio na magamba hawaipendi, hao punguza nusu. Mimea ya majini nayo inaweza kunyauka.

Tulipata hita ya akwariamu ya kuazima, wati 100. Tukapandisha joto nyuzi moja mbili kwa siku mpaka 27. Na nitaomba hapa msomaji unisikilize vizuri: ile hita ya koili ya kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo usiitumbukize kwenye tanki la samaki. Utamzika samaki na wewe watakuzika.

Sasa kupandisha joto kuna kasheshe lake. Maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo zaidi, na samaki wakipata joto wanahema zaidi. Kwenye tanki lililojaa, joto bila hewa ni kunyonga. Ndiyo maana pampu ilikuwa inakoroma saa 24. Ijumaa usiku saa tatu na nusu, umeme ukakatika.

Nilikuwa nimeshafika nyumbani. Nikarudi kwa bodaboda, yuleyule wa rangi mbili, na safari hii hakutoa ushauri. Tukawasha tochi za simu. Kazi yenyewe ni ya kijinga kuitazama: unachota jagi la maji, unalimimina kutoka juu kama mwuza chai wa stendi, unachota tena. Maji yakianguka yanabeba hewa. Dakika tano za kumimina, tano za kupumzika. Kinyozi, mimi, shemeji, dereva wa boda, kwa zamu. Saa saba kasoro Mheshimiwa akalala ubavu. Kinyozi akaacha kuongea kabisa, akachukua jagi kwa mwenye zamu, akawa anamimina palepale juu ya kichwa cha samaki wake, taratibu, na mkono mwingine chini ya maji umemshika tumbo asizame. Nimemfahamu kijana huyu miaka sita, mtu wa utani muda wote. Sikumwambia kitu.

Umeme ukarudi saa kumi alfajiri. Gapi wanne walikuwa wamekufa, na mmoja wa dhahabu. Mheshimiwa alikuwa amesimama wima, mkia umechanika kama bendera ya zamani, lakini anahema.

MSIACHE MAPEMA

Siku ya tano vidoa vikaanza kupotea. Shangwe saluni nzima! Kinyozi akataka kurudisha maji ya kawaida. Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Kile kidoa unachokiona ni kimelea kilicho chini ya ngozi, na humo hakuna dawa inayokifikia. Kikishiba kinadondoka chini, kinajifunga kwenye ganda, kinajigawa kuwa mamia ya vitoto. Vitoto vikitoka vinaogelea kutafuta samaki, na vina kama siku mbili tu za kumpata kabla havijafa. Chumvi, na hata dawa za dukani, zinavikuta katika muda huo wa kuogelea. Kwa hiyo vidoa kupotea maana yake ni kwamba jeshi liko sakafuni linazaliana. Kwa nyuzi 25 mzunguko mzima ni kama wiki, kwenye baridi ni wiki nyingi. Joto linauharakisha ili vitoke upesi vikutane na chumvi.

Tukaenda siku 14. Kila siku ya pili lita 30 nje, lita 30 ndani, pamoja na gramu 60 za chumvi kufidia iliyotoka. Maji yaliyopungua kwa mvuke yalirudishwa matupu, maana chumvi haipai na mvuke. Chakula kikarudi kidogokidogo, kinachoisha kwa dakika mbili. Wakafa gapi wengine watatu na wa dhahabu mmoja, kisha vifo vikakoma. Hakuna tone la dawa ya dukani lililotumika.

Dawa hizo zipo, na wakati mwingine zinahitajika. Lakini kuna ile ya kijani, malakaiti, ambayo Ulaya na Marekani wameipiga marufuku kwa samaki wa kuliwa kwa hofu ya madhara kwa afya ya binadamu. Mwenye perege ndani ya tanki ajue hilo kabla hajasikiliza ya wauzaji.

NANI ABAKI, NANI AENDE

Walibaki 26: wa dhahabu 6, gapi 18, perege 2. Nikamwambia kinyozi kazi ngumu ndiyo inaanza sasa. Tanki lake haliwezi kuwabeba hao, na Mheshimiwa peke yake anachafua maji kama wadogo wote kwa pamoja.

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo Mheshimiwa anahama.”

Nilidhani atanitoa nje. Alikaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, akakizungusha kulitazama tanki, akakizungusha kunitazama mimi. Akasema wateja watamkimbia. Akasema amemnunua akiwa kidole. Akasema kwa nini tusinunue tanki kubwa, nikamwambia sawa, la lita 400, akauliza bei kwa simu, akakata simu. Shemeji ndiye aliyemaliza mjadala: “Baba, usiku ule ulimshika mkononi. Unataka umshike tena?”

Tulingoja wiki nyingine tuone kama hakuna kidoa kipya, kwa sababu kupeleka mgonjwa kwenye nyumba ya watu si uungwana. Ipo nyumba moja ya wageni mjini yenye kibwawa uani, maji yanachuruzika juu ya mawe, na mwenyewe alikuwa anatafuta samaki. Mheshimiwa na wenzake watatu wakapelekwa kwa ndoo yenye kifuniko. Siku hizi wateja Kizota wakiuliza yuko wapi, kinyozi anajibu bila kuinua uso kutoka kwenye mashine: “Kahamia jimbo jingine.”

Gapi majike kumi tulimpa fundi simu wa barabara ya pili, pamoja na onyo, ambalo najua atalikumbuka baada ya miezi mitatu. Kwenye tanki wamebaki wa dhahabu wawili wadogo na gapi madume wanane, ambao hata wakikaa miaka hawaongezeki. Maji yanang'aa, unaona ukuta wa nyuma. Wa dhahabu wakikua nao watahama, tumekubaliana, maana kusema kweli yeye anapenda maji ya baridi na gapi ya joto, nyumba moja hawaelewani.

Kwa anayeanza leo hapa Dodoma na anataka rangi, mimi ningemwambia aulizie samaki wa Tanganyika na wale mbuna wa Ziwa Nyasa. Maziwa hayo yana maji ya alkali, birika lako linalolalamika kwao ni nyumbani. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria Dar hadi Dodoma Julai 2024, mfuko wa samaki haukai tena saa nane njiani. Ukifika nao, waweke peke yao kwenye beseni wiki tatu nne uwachunguze kabla hawajakutana na wenyeji. Ila mbuna ni wagomvi, wana mipaka yao kama wenye viwanja, usije ukaniambia sikukwambia.

Wamebaki wale perege wawili. Kinyozi alitaka kuwamwaga korongoni mvua zikija, nikakataa katakata, samaki wa tanki hamwagwi mtoni akapeleka maradhi kwa wenzake. Tangu zile rangi mbili za mwanzo wamekula chumvi tu, na yule mzee mstaafu amelisikia hilo. Kwa sasa wako uani kwenye nusu ya simtanki iliyokatwa, wanakula pumba na mabaki ya ugali, wamenenepa. Mzee anapita kila Jumapili kuwaangalia, na shemeji amenionyesha sufuria ya Krismasi.